Donat Alikuja na Sahani

Blanketi likishalowa maji, mtu mmoja hawezi kulikamua. Mmoja anashika huku, mwingine kule, mnasokota, na mkiwa mnasokota lazima mtazamane, la sivyo linawaponyoka, linaanguka kwenye vumbi jekundu na mnaanza upya. Sasa niambie wewe, msichana afanye nini akipewa kazi ya namna hiyo kila Jumamosi, na upande wa pili wa blanketi yuko Donat?

Basi ndivyo nilivyopenda. Hakuna maua, hakuna simu za usiku. Ni mablanketi tu ya watu wanaolala nje.

Kikundi chetu kilikuwa cha parokia, wanawake na wanaume wachache waliojitolea. Tulikusanya mablanketi ya watu wanaolala kwenye baraza za maduka, kando ya soko na upande wa gare penye stesheni ya treni, tunayafua asubuhi, tunayaanika kwenye ukuta wa parokia, na kabla jua halijazama yanarudi kwa wenyewe yakinuka sabuni. Kila moja lilishonewa uzi wa rangi yake kwenye pembe, kwa sababu mtu asiye na nyumba naye ana chake, na ukimrudishia cha mwenzake atagomba kama ungegomba wewe. Donat ndiye aliyejua uzi gani ni wa nani. Kazi ya kumpa riziki ilikuwa kutengeneza mafrigo, yaani majokofu, lakini ukimkosa kwenye mafrigo utamkuta kwenye ofisi ya manispaa, komine kama tunavyoiita, akiwaombea watu wake wasifukuzwe kwenye baraza kabla hawajapata pa kwenda. Walinzi wa pale walikuwa wamemzoea mpaka wakambatiza Papa Blanketi.

Kitu kimoja tu kilinikera. Aliniacha niende naye kila mahali kurudisha mablanketi, isipokuwa upande wa gare.

"Kule naenda miye peke yangu," alisema.

"Juu ya nini?" nikataka sababu.

"Juu ya vile."

"Vile nini, Donat? Unafichaka bibi kule?"

Alicheka, kisha akatazama pembeni. "Siku moja nitakwambia. Sokota, Mwelwa, blanketi inaanguka."

Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua. Mama yangu husema nilizaliwa nikichungulia. Nilimuuliza kwa upole, nikamuuliza kwa hasira, siku nyingine nikanuna kabisa nisimuulize, nikidhani kimya kitamuuma. Wapi! Alininunulia munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kwenye chupa, akaniwekea pembeni ya beseni, akaendelea na kazi. Na mimi nikaunywa. Mapenzi yana fedheha zake.

Halafu Jumapili moja, baada ya misa, Donat akaja nyumbani kwetu Ruashi. Amevaa koti. Viatu vimepakwa rangi mpaka vinang'aa. Na mikononi, mbele ya kifua, amebeba sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe.

Kama wewe si wa kwetu, acha nikueleze. Kwa watu wa huku, sisi tuliokuwepo kabla migodi haijachimbwa, sahani iliyofunikwa namna hiyo ikiingia kwenye nyumba yenye binti, hakuna anayeuliza mgeni anataka nini. Anapewa kiti. Baba akiipokea kwa mikono miwili, amefungwa: atamsikiliza aliyeileta mpaka neno la mwisho, hata likiwa chungu. Na wa kuifunua na kutoa jibu la binti ni shangazi, dada wa baba. Kawaida huletwa na mshenga, siyo kijana mwenyewe, lakini siku hiyo nani alijali?

Mama yangu, Marceline, alimwona kutoka jikoni. Mwiko ukabaki hewani, kisha vigelegele vikatoka mpaka majirani wakajitokeza ukutani.

"Mungu wangu! Mwelwa! Njo huyu wa mablanketi?"

"Mama, pole pole, anasikia!"

"Asikie! Si amekuya kusikia?" Mama akanivuta nyuma ya mlango. "Kumbe unanyamazaka vile na unayua! Amekuya peke yake, hata muzee moja hana. Lakini bantu ba kwabo beko mbali, kule Manono, tutamusamehe."

Huyo ni mama yule yule aliyekuwa akiapa kwamba mtu wa kaskazini, jamais, kamwe hataingia kwenye ukoo wake. Ila miaka yangu ilikuwa inakwenda, na mama alikuwa amekwisha kuanza kunisalia novena.

"Na nani atafunua?" nikauliza. "Tantine, dada ya papa, haiko."

Uso wa mama ukajikunja kidogo, kisha ukakunjuka tena. "Papa yako atafunua. Mungu atatuelewa. Peleka maji!"

Nilipeleka maji. Bilauri zilikuwa zinagongana kwenye sinia, kwa haraka niliyokuwa nayo. Donat alikuwa amekaa wima, sahani juu ya magoti. Niliinama kumpa maji, nikamnong'oneza, "Ungeniambia, nivae robe muzuri."

Hakutabasamu. Aliniangalia kwa huruma ambayo sikuielewa, akajibu kwa sauti ya chini, "Mwelwa, usifurahi kwanza."

Nisifurahi kwanza? Nikasimama pale na sinia yangu, nikitazama kitambaa kile cheupe. Kulikuwa na nini chini yake? Kitu kidogo, maana kilikuwa kimeinua kitambaa katikati tu. Pete? Pete haiinui kitambaa namna ile.

Papa akaingia, amefunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Papa Paulin ni fundi umeme wa mgodini aliyestaafu, mtu wa maneno machache. Akapokea sahani kwa mikono miwili, akaiweka mapajani.

"Karibu, mutoto. Sema. Tunakusikiliza."

Donat akasimama. "Papa Paulin, mama Marceline. Mbele ya kusema yote, lazima nibaambie kitu moja, juu naona mama amefurahi sana. Leo sikukuya juu ya Mwelwa."

Aibu niliyoisikia sitaki hata kuieleza. Majirani walikuwa bado ukutani. Mama alikuwa na mkono mmoja kifuani na mwingine umeshika mlango, na tabasamu lake halijui liende wapi.

"Haukukuya juu ya Mwelwa," papa akarudia. "Sasa unakuya juu ya nani?"

"Nakuya juu ya tantine Chileshe."

Mama akapiga ukelele, na safari hii haukuwa wa furaha. "Usitaye ile jina mu nyumba yangu! Paulin, mutoshe huyu muntu!"

Tantine Chileshe ni dada pekee wa papa. Alikuwa akiishi nasi. Ndiye aliyenisuka nywele tangu nikiwa mdogo, ndiye aliyenifundisha kusonga bukari, ugali wetu. Mdogo wangu Élie alipokufa, mimi nilikuwa Kambove kwenye kazi yangu ya kwanza ya ualimu. Niliporudi kwa kilio, tantine hakuwepo. Niliambiwa amekwenda Kitwe kwa ndugu wa marehemu mume wake, amechoka na huzuni. Niliuliza namba ya simu. Hakuna. Niliuliza sana, mpaka papa akanikataza kuuliza.

"Donat," nikasema, "unakosea. Tantine eko Kitwe."

Akanigeukia. "Eko ku gare, Mwelwa. Analalaka ku baraza ya duka ya misumari. Blanketi ya uzi ya kijani, njo yake."

Sinia ikanitoka mkononi. Uzi wa kijani! Blanketi lile la kahawia, lililochoka katikati. Nililifua kila Jumamosi. Nililikamua na Donat, tukitazamana, na mimi nimefurahi, nikiomba tu lisikauke haraka. Nikakaa chini pale pale kwenye vipande vya bilauri, na hakuna aliyeniambia niinuke.

"Papa," nikauliza, "ni kweli?"

Papa alikuwa anatazama sahani. Mama ndiye aliyejibu, na sauti yake ilikuwa imekatika. "Mutoto wangu alishikwa na homa, tukaenda kwa nabii. Nabii akasema: muntu wa damu ya bwana yako, mwenye analala mu nyumba yako, njo anamukula. Nani mwingine? Nani mwingine alikuwa wa damu ya Paulin, anakosa batoto yake, anapendaka bangu? Élie eko mu bulongo, na yeye anapumua. Niseme nini ingine?"

"Mama, pole," Donat akasema. "Sikukuya kukukataza kulia Élie."

Hapo papa akainua kichwa, na hasira yake ikapata pa kushika. "Weye ulitudanganya! Sahani ya namna hii ni ya kuomba bibi. Unaingia nayo mu nyumba yangu, bantu banapiga vigelegele, kumbe unaleta habari ingine. Ni heshima gani hii?"

"Pardon, papa. Una haki ya kukasirika." Donat hakurudi nyuma hata kidogo. "Lakini nilibishaka ku milango mingi ya hii muji. Nikisema, 'Nakuya juu ya mama yenu mwenye analala inje,' banafungua mbwa. Nikibeba sahani, bananipa kiti. Sikupata namna ingine. Na kwetu, kule kaskazini, sahani inabebaka kitu ya kuomba amani. Tafadhali, funua."

Papa alikwisha kuipokea kwa mikono miwili. Alijua amefungwa, na sisi sote tulijua. Akavuta kitambaa. Chini yake kulikuwa na kipande cha pemba, ule udongo mweupe wanaopakwa watu wanaopatana, kikubwa kama yai. Nilikuwa nimetaka sana kujua. Sasa nilijua, na nikatamani kingebaki kimefunikwa.

"Huyu mwanamuke akiingia kwa hii mulango," mama akasema, "miye natokea kwa ingine." Akaingia chumbani, akafunga. Tulimsikia akilia.

Nami hasira ikanipanda. Nikainuka. "Na miye, Donat? Kila Jumamosi unaniangalia na ile macho. Ulinipendaka, ao nilikuwa mulango ya kupitia tu?"

"Mwelwa!" papa akasema.

"Apana, papa, ajibu! Aliniacha nafurahi mbele ya bantu bote."

Donat akanigeukia. Mtu anayebishana na komine nzima, mbele yangu alikuwa akitafuta maneno.

"Tantine alinikatazaka kukuambia. Alinionaka siku moja nakusindikiza ku taksi, akalia, akasema, 'Ule ni mutoto wangu, asinione hivi.' Nikaapa. Lakini sasa anakohoa, na kuapa kule kunanichoma. Alinifungua mudomo yeye mwenyewe, wiki hii." Akasogea hatua. "Na nikuambie ukweli wote. Pale ku kiti, mama alipopiga vigelegele, nilifikiri: nyamaza, Donat. Sema unakuya juu ya Mwelwa. Papa atafunua, mama atapika, na utapata bibi mwenye unamutaka kuliko bintu byote. Nilifikiri vile, na nilitaka sana."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

"Juu siku nitaleta sahani yako, Mwelwa, kwenu ni nani anaifunuaka?"

Nje jirani mmoja alikohoa, akakumbuka kwamba yuko ukutani kwa watu, akashuka.

"Dada ya baba," papa akasema mwishowe. Akafunika pemba tena, taratibu, akaweka sahani juu ya meza. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, "Anasema nini juu yangu?"

"Anaomba kitu moja. Lakini itamupasa akuambie yeye, si miye."

Nilidhani papa atamfukuza Donat. Kumbe alikuwa anatafuta viatu vyake kwa macho.

Tulipanda taksi, sisi watatu. Donat alikaa mbele. Nilitazama shingo yake njia nzima, nimemkasirikia, na bado nilikuwa nataka kujua kama ana homa, kwa vile alivyokuwa akitoka jasho.

Duka la misumari lilikuwa limefungwa kwa sababu ya Jumapili. Mbele yake wanamama walikuwa wanauza vitumbua na mahindi ya kuchoma. Barazani, juu ya makatoni yaliyotandikwa sawasawa, mwanamke aliyekonda alikuwa ameegemea mlango, sindano mkononi, anashona uzi mwekundu kwenye pembe ya blanketi la mtu. Kumbe nyuzi zote zile ni mkono wake. Kila Jumamosi nilikuwa nikizipitisha kwenye vidole vyangu.

Aliinua macho. Hakushtuka.

"Paulin. Umezeeka."

Papa akachuchumaa mbele yake. Sijawahi kumwona papa akichuchumaa mbele ya mtu. "Dada, twende."

"Wapi?"

"Ku nyumba."

"Ku nyumba ya mulozi, muchawi mwenye anakula batoto, ao ku nyumba ya dada yako?"

"Chileshe..."

"Apana, nisikilize kwanza." Alikohoa, akasubiri kikohozi kipite. "Haukunifukuza mu kimya, Paulin. Ulinifukuza mulango wazi, majirani banaangalia, batoto banaimba nyuma yangu. Nilivumilia njaa, nilivumilia baridi. Ile jina njo sikuweza kuvumilia. Hata hapa muntu akinipa chakula najiulizaka, huyu anayua ile jina bananiita? Sasa unirudishe vile ulinitosha. Mbele ya bantu."

Papa akatazama wanamama wa vitumbua. Akasema kitu, midomo ikitembea tu.

"Sisikii," tantine akasema.

Papa akasimama.

"Bamama," akasema kwa sauti, "huyu ni dada yangu, Chileshe. Mutoto wangu Élie alikufa na malaria. Monganga alituambia mbele, na miye nilisikia. Halafu nabii akasema ingine, na miye niliogopa bibi yangu atanilaumu, nikanyamaza. Dada yangu hakukula muntu. Haikuwa kweli. Nilijua si kweli na nilimufukuza tu."

Alijua. Daktari alimwambia, na alijua. Nilimtazama baba yangu nikataka kumpigia kelele, nikataka pia kumshika asianguke. Sikufanya lolote kati ya hayo.

Tantine akaweka sindano chini. Machozi yalimtoka kimya kimya, akayaacha yashuke. "Asante, Paulin. Njo ile tu nilitaka." Kisha akaninyoshea mkono, nikaenda nikaanguka mapajani mwake. Alinuka sabuni yetu ya parokia. Vidole vyake vikapita kwenye nywele zangu, vikasimama.

"Ni nani alikusuka mubaya hivi?"

Nikacheka huku nalia, mpaka mama mmoja wa mahindi akacheka naye.

"Na huyu?" tantine akauliza, akimwonyesha Donat kwa kidevu. "Anafulaka mablanketi ya muji muzima. Anatafutaka nini?"

Donat akapiga magoti kwenye vumbi, na koti lake lile lile. "Tantine, nampenda Mwelwa. Leo nimemuumiza mbele ya bantu bake, na sikuwa na njia ingine. Sina sahani ya kukupa, niliyokuwa nayo nimeitumia. Lakini namuomba kwako."

"Mwelwa, unasikia? Weye unasema nini?"

Papa alikuwa hapo hapo, na wanamama wote masikio wazi. Siku nyingine ningekufa kwa haya.

"Namukasirikia, tantine. Nitamukasirikia mpaka kesho. Na nampenda."

Donat akafunga macho kama mtu aliyetuliwa mzigo. Tantine alituangalia mmoja baada ya mwingine, kwa muda mrefu, akitupima.

"Nimebasikia bote mubili," akasema. "Lakini jibu ya mutoto wetu haitolewaka ku baraza ya duka ya bantu. Nitajibu siku nitakuwa na mulango ya kujibia."

Alikuwa anaongea na sisi, lakini macho yake yalikuwa kwa kaka yake. Nami nikamkumbuka mama, amejifungia chumbani, anamlilia Élie, na hakuna kati yetu aliyejua atafanya nini akituona.

Papa akakunja mikono ya shati. Akapiga magoti, akaanza kukunja makatoni ya dada yake, moja juu ya jingine.

"Papa," nikamwambia, "na mama?"

"Marceline nitasema naye miye. Nitamwambia ile nimesema hapa." Akavuta pumzi. "Akikataa kufungua, basi. Leo nitalala inje na dada yangu."

Tantine akamtazama anavyohangaika na yale makatoni.

"Basi beba," akasema, "na usikunje pembe ile, inapasukaka."